Manesi Wanaokunja Mikono

"Mtapisheni! Jamani, mnamwangalia nini? Mtapisheni!"

Mwanaheri alikuwa ameishika miimo ya mlango wa mapokezi kwa mikono miwili, khanga imemdondoka mabegani, na baridi ya Julai ikimwingia mwilini bila yeye kujua. Mwanawe Dulla alikuwa amekalishwa wima mapajani kwa nesi Shamimu. Shati lake lilikwisha kuvuliwa na kutupwa nje kwenye majani, maana lilinuka mafuta ya taa mpaka macho yakawasha. Mtoto mwenyewe hakuwa analia. Alikuwa anaivutavuta saa ambayo Shamimu aliibana kifuani, akiona kelele zote zile hazimhusu.

Telesia, nesi mkongwe kuliko wote pale kituoni, alikuwa ameshatayarisha beseni, jagi la maji ya chumvi, na ule mpira wake mwekundu ambao mwisho wake mmoja huingizwa kooni na mwingine hutundikwa juu na faneli. Alikuwa ameukunja mkononi vizuri, kama mtu aliyeshika mkanda akisubiri kuambiwa apige.

"Maji yapo tayari," alisema. "Mnangoja nini?"

Shamimu akamwangalia Lukresia.

Lukresia Haule alikuwa amesimama nyuma, karibu na dirisha, mikono ndani ya mifuko ya sweta. Hakuitikia wala hakutikisa kichwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake pale, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kumshika mgonjwa kwa mikono yako mwenyewe. Alikuwa nesi wa Njombe, mtu mzima wa kuitwa bibi, aliyepelekwa semina Iringa na kurudishwa na agizo la kuwalea manesi wa dharura kazini mwao, wafanye kile kilichothibitika kumsaidia mgonjwa na waache kile walichokirithi tu. Kila Jumanne alipanda basi la asubuhi hadi Makambako, akasimama nyuma yao, akawauliza neno moja. Ukimfunga mgonjwa aliyeumwa na nyoka kamba mguuni mpaka mguu uwe mweusi, atakuuliza: umejuaje kwamba kamba inasaidia? Ukipaka kidonda cha moto dawa ya meno: umejuaje? Ukijibu "tumezoea," anatabasamu, na tabasamu lenyewe linakera kuliko tusi. Walimpa jina la Mama Umejuaje. Yeye alilijua na lilimpendeza.

Habari ya mafuta ya taa walikuwa wameisoma pamoja, yeye na Shamimu, kwenye benchi la nje, mpaka binti akaielewa. Siku hizo maduka yalikuwa yameota Makambako kila palipokuwa na dirisha. Mtu akiuza sabuni huuza na mafuta ya taa, na chupa za kuyatilia zilitupwa na mabasi ya Mbeya na Songea pale njia panda: zile chupa nyepesi za plastiki za maji ya kiwandani, kitu kipya, watoto wakizigombania. Mafuta ndani yake yalifanana na maji yenyewe. Halfan, baba yake Dulla, alizipanga chini ya meza ya duka lake. Mtoto aliona maji, akanywa.

"Hatumtapishi, mama," Shamimu alisema. "Tumboni hayana neno kubwa. Yakipanda juu ndiyo yanaingia mapafuni. Tunamkalisha hivi, tunamwangalia anavyopumua. Ametapika huko nyumbani?"

"Nakuletea mtoto umtapishe, unaniuliza habari za nyumbani!"

"Nauliza, mama, kwa sababu..."

"Mama Telesia! Wewe mtu mzima, waambie hawa! Wataniulia mwanangu huku nawaona!"

Basi swali likapotea hapo. Telesia akaubwaga mpira ndani ya beseni, maji yakaruka, watu wa foleni wakachungulia, mlinzi akaja kumtoa Mwanaheri mlangoni, na katika vurugu ile hakuna aliyekumbuka kwamba Shamimu aliuliza na hakujibiwa. Hakuna isipokuwa Lukresia. Yeye aliligundua palepale. Akalihifadhi moyoni alitumie baadaye kama somo, watakapokaa na chai: binti, umefanya vizuri, lakini kuna swali moja uliliacha lianguke. Ndivyo walimu walivyo. Kosa la mwanafunzi huwa tamu kulisubiri.

Mchana Dulla alikula mkate. Alasiri akaanza kukohoa. Pua ikawa inafunguka na kufungika haraka, mbavu zikaonekana kila anapovuta pumzi, na rangi ya midomo ikabadilika. Mtungi wa oksijeni ulikuwa Njombe. Gari la kituo lilikuwa juu ya mawe likisubiri magurudumu tangu mwaka wa jana, ikabidi waombe pikapu ya mtu wa mbao. Lukresia alipanda nyuma pamoja na Shamimu na mama mtu, wakamkinga mtoto na upepo kwa sweta zao. Walikuwa hawajafika hata kijiji cha Mtwango Dulla alipokata roho. Jua lilikuwa bado lipo juu ya miti ya misindano.

Mwanaheri hakupiga ukelele. Alimgeukia Shamimu akamwambia taratibu, kama anayempa taarifa, "Ulikunja mikono."

Maneno yale yalifika Makambako kabla ya pikapu kurudi, sijui yalipanda basi gani. Kesho yake sokoni, stendi, kwa wauza mahindi na kwenye vilabu vya pombe ya ulanzi, kituo kilikuwa na jina jipya: kwa manesi wanaokunja mikono. Mama mmoja aliyekuja na mtoto mwenye degedege alimwona Shamimu mapokezini, akageuza. Mganga mfawidhi, ambaye hakupenda makelele, alimwita Shamimu ofisini na kumweleza kwamba orodha ya watumishi wa kupunguzwa inaandaliwa, kwamba yeye hapendi, lakini wakubwa wakiuliza jina la nesi anayelalamikiwa itabidi ataje. Mpira wa Telesia ukarudishwa kwenye msumari wake ukutani. Telesia aliufuta tu vumbi, na hiyo ilitosha.

Lukresia alipata habari hizo Njombe, akaja haraka bila kusubiri Jumanne. Alimkuta Shamimu nyuma ya kituo anafua mashuka ambayo si kazi yake kuyafua.

"Nilifanya ulivyonifundisha," Shamimu alisema bila kuinua kichwa.

"Ulifanya sawa."

"Mbona amekufa?"

Mtu mwingine angesema ni kazi ya Mungu, akamaliza. Lukresia alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Wanaokunywa kidogo na wasitapike, wengi wao wanapona. Huyu alienda haraka mno. Kuna kitu hatukukijua. Swali lako lile, la kutapika nyumbani, halikujibiwa."

"Ulilisikia?"

"Nililisikia."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza," Lukresia alisema. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Wangejua mapema kama mtoto alitapishwa, wasingengoja kikohozi. Wangetafuta gari asubuhi ileile, akiwa bado anachezea saa. "Leo dua ya siku ya tatu. Twende tukaulize."

"Msibani? Bibi, watatutoa kwa mawe."

"Wewe ndiye unayetajwa. Bila kujua ukweli utatajwa maisha yako yote."

Akamwamini. Msichana yule alikuwa amemwamini tangu mwanzo, na hilo ndilo lililomwuma Lukresia baadaye kuliko yote.

Nyumbani kwa Halfan wanaume walikaa nje kwenye mabenchi, makoti yamefungwa mpaka shingoni. Halfan mwenyewe aliwaona wanapita, akageuza uso kuangalia duka lake lililofungwa. Ndani, wanawake walijaa kwenye mikeka, Waislamu na wasio Waislamu, majirani, wauza viazi, wake wa madereva, maana Makambako ni mji wa watu waliotoka kila mahali, na mji wa namna hiyo huzikana bila kuulizana dini. Lukresia, Mkatoliki wa Ludewa, alijifunga khanga kichwani, akavua viatu. Walipoingia, mtu mmoja akafyonya. Hata hivyo wakasogezewa nafasi, kwa kuwa aliyekuja kutoa pole hafukuzwi.

Mwanaheri alikuwa pembeni, ameegemea ukuta. Alikuwa amekonda kwa siku hizo chache kama aliyeugua mwezi.

"Pole, mwanangu," Lukresia alisema.

"Nishapoa."

Walikaa. Mtu akawaletea kahawa ya tangawizi. Lukresia aliishika kwa mikono yote miwili, akijipasha moto, akitafuta pa kuanzia. Lakini hakuhitaji kuanza. Mwanaheri mwenyewe alianza, kwa sauti ya mtu anayerudia jambo alilokwisha kulisema mara nyingi.

"Mimi sikukaa, sista. Usidhani nilikaa. Nilipomkuta na chupa tu nikampa maziwa, akanywa yote, nikamtia kidole. Yakatoka, mafuta na maziwa pamoja. Nikamtia tena. Akapaliwa, akakauka kidogo hivi, macho yakamtoka, nikampiga mgongoni, akarudi. Ndipo nikasema hapa mimi nimefika mwisho, yaliyobaki wayatoe wenye mpira. Nikakimbia. Nusu nilishaitoa mimi. Ilibaki nusu tu."

Wanawake waliitikia kwa mguno. Walikuwa wanaijua hadithi ile na mwisho wake.

Akapaliwa. Lukresia alilisikia neno lile likitua. Hapo ndipo mafuta yalipoingia mapafuni, hapo kwenye kidole cha pili, kabla mtoto hajafika kituoni, kabla Shamimu hajamgusa. Binti naye alikuwa ameelewa. Ushahidi wote ulikuwa umewekwa juu ya mkeka mbele ya kina mama wa mtaa mzima, na maneno machache tu ya Lukresia yangemwondolea Shamimu mzigo, yangeufunga mdomo wa soko, yangemwokoa mtoto wa yeyote kati ya wale waliokaa pale. Alikuja kwa ajili ya hilo. Alifungua mdomo.

"Sista," Mwanaheri akamwahi. Alikuwa amesogea, magoti yao yakigusana. "Wewe ndiye mkubwa wao. Watu wa hapa wananiambia, lakini wao si wauguzi. Niambie wewe. Mimi nilifanya vizuri?"

Bibi aliyekuwa anahesabu tasbihi akasimamisha vidole.

Lukresia alikuwa na mtoto kabla ya kuwa nesi. Wachache sana walilijua hilo. Alimbeba kutoka Mchuchuma kwa miguu, homa ikimuunguza mgongo, akafika kwa masista wa misheni amechelewa. Sista mmoja, mtu mwema kabisa, alimfunika mtoto uso, akasema, "Ungemleta jana." Ilikuwa kweli. Jana ile Lukresia alikuwa anapalilia mahindi ya mkwewe na akaona homa itashuka. Sista yule hakukosea hata kidogo, na kwa sababu ya ukweli wake Lukresia hakulala vizuri tena kwenye maisha haya. Kila usingizi ulikuwa na ile jana ndani yake. Alisomea uuguzi kwa ajili hiyo. Kwa ajili hiyo aliuliza watu umejuaje, umejuaje. Na sasa mama huyu alikuwa anamtazama, ameshika kidole chake mwenyewe cha mkono wa kulia bila kujua kwamba amekishika.

"Ulifanya vizuri," Lukresia alisema.

Mwanaheri alimtazama bado, hakutosheka.

"Ulifanya vizuri sana, mwanangu. Ulifanya kila linalotakiwa kufanywa na mama. Sisi ndio tuliochelewa."

Ndipo Mwanaheri alipolia. Tangu msiba uanze alikuwa hajalia, walisema baadaye. Alikuwa mkavu mpaka wakaogopa. Alianguka mapajani kwa Lukresia, akalia kwa sauti ya mtoto, na wanawake wakalia naye, na bibi wa tasbihi akasema alhamdulillahi, na aliyefyonya mlangoni akaja kumjazia Lukresia kikombe. Shamimu peke yake hakulia. Alikuwa anautazama mkeka.

Walirudi kwa miguu kwa kufuata reli. Treni ya Zambia ilikuwa imesimama stesheni, abiria wakinunua mahindi ya kuchoma madirishani. Walipita mpaka wakafika penye magogo ya mbao, ndipo Shamimu aliposimama.

"Umejuaje, bibi?"

Lukresia aligeuka kumtazama.

"Umejuaje kwamba alifanya vizuri? Nakuuliza kama unavyotuuliza sisi."

"Shamimu, mwanangu, ungeweza kumwambia? Uso kwa uso? Kwamba ni mkono wake mwenyewe?"

"Sijui." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, ya hasira. "Labda nisingeweza. Lakini ningenyamaza. Nisingesema sisi ndio tuliochelewa. Sisi ni nani? Wewe jioni unapanda basi unakwenda zako Njombe. Sisi ni mimi."

Lukresia alitaka kumshika bega, akaona hana haki hiyo. Alisema atakwenda kwa mganga mfawidhi amweleze yote, faraghani, na kweli alikwenda, akaeleza, na mganga akasikiliza kwa adabu, akasema ameelewa, ila watu wa nje hawamo humu ofisini kuyasikia haya, sista, si ndiyo? Kuhusu wanawake waliokuwa kwenye mikeka, Lukresia alijiambia kwamba atawaendea. Atasubiri arobaini ipite, majonzi yapoe, kisha atazunguka nyumba kwa nyumba, awaeleze polepole bila kumtaja Mwanaheri. Huo ulikuwa mpango mzuri, na aliuamini kwa dhati, kama alivyoamini siku ile kwamba swali lililoanguka lingesubiri chai.

Jumanne iliyofuata mvua ya manyunyu ilikuwa inanyesha, ile ya kipupwe isiyoloanisha wala kukatika. Lukresia alikuwa dirishani mapokezini. Shamimu alikuwa anakunja bandeji. Walisalimiana asubuhi kama watu wa ofisi mbili tofauti. Telesia alikuwa anakunywa uji.

Mlango ukafunguliwa kwa teke, maana mikono ya aliyeingia ilikuwa imejaa. Alikuwa Devota, muuza viazi wa pale karibu na stendi, amembeba bintiye mdogo aliyefungwa kwenye blanketi. Alikuwa anahema, lakini uso wake uling'aa.

"Kamwene, sista! Afadhali nimekukuta mwenyewe. Ni mafuta ya taa, lakini nimewahi." Alimkalisha mtoto juu ya meza ya mapokezi, akamfuta mdomo kwa ncha ya khanga. Harufu ya mafuta na maziwa ikajaa chumba. "Nimefanya kama ulivyosema kwenye msiba wa Dulla. Sikungoja. Maziwa, kidole, maziwa, kidole, mpaka yakaanza kutoka meupe matupu. Hata nusu sikuiacha. Nilikuwa nimekaa pale nyuma, wewe hukuniona, lakini nilikusikia."

Telesia aliweka kikombe chini. Shamimu alikuwa amesimama, bandeji imefunguka mkononi mwake na kuning'inia mpaka sakafuni. Safari hii hakumwangalia mwalimu wake kupata ruhusa.

"Mama, mtoto alipaliwa?" aliuliza.

"Eh?"

"Ulipokuwa unamtapisha. Alipaliwa?"

"Kidogo tu. Akakaa sawa." Devota alicheka, cheko la mtu aliyetua mzigo. "Si unamwona?"

Mtoto alikuwa anatazama huku na huku kwa macho makubwa. Akakohoa kikohozi kidogo, kama anayesafisha koo.

"Shamimu," Lukresia alisema. "Shamimu, gari."

Lakini Shamimu alikuwa ameshatoka. Walimsikia akikimbia kwenye changarawe kuelekea barabarani, akimwita mtu wa lori, mtu yeyote.

"Gari la nini, sista?" Devota aliuliza. "Mbona mwanangu amepona?"

Lukresia alimvua mtoto gauni lililoloa, akamfunga sweta lake mwenyewe, akamkalisha wima mapajani. Kisha akainama, akaweka sikio kwenye mgongo ule mdogo, akafumba macho. Devota aliendelea kumtazama, tabasamu likiwa bado lipo usoni kwa kuwa hakuna aliyemwambia aliondoe. Alisubiri kujibiwa. Alipoona hajibiwi, alipiga magoti upande wa pili, taratibu, akaweka sikio lake kifuani kwa mtoto, atafute kusikia kile alichokuwa anakisikia sista.